Umesevu lakini saiti haijabadilika: namna ya kusevu na kuimpoti thimu za WordPress bila kupoteza kazi

Hapa Lamu vijana wengi sahivi wanatengenezea watu saiti, gesti za Shela na Langoni, manahodha wanaopeleka wageni Takwa na Manda Toto, mafundi wa milango ya kuchonga, na wengi wao wanatumia WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea saiti. Malalamiko msimu wa wageni ukikaribia ni yale yale: nimesevu, imeniambia imekubali, lakini mwenye gesti akifungua kwa simu yake anaona bei za mwaka jana. Ama nimeimpoti faili, imeandika imemaliza, na saiti iko vile vile. Basi mtu anaanza kubonyeza kila kitu, anaimpoti tena, anabadilisha thimu (yaani vazi la saiti, sura yake), na kufikia jioni hata kile kilichokuwa kizuri kimevurugika na mwenye gesti ashaanza kutafuta fundi mwengine.

Inaniuma kuona kazi nzuri ya mtu inapotea kwa jambo ambalo ukilielewa mara moja halikusumbui tena. Jambo lenyewe ni kwamba WordPress haisevu mahali pamoja. Kuna faili za thimu zenyewe, ziko kwenye seva, ile kompyuta inayoihifadhi saiti mtandaoni, ndani ya folda ya wp-content/themes. Kuna databesi, ndimo zilimo kurasa, makala, menyu na karibu mipangilio yote unayoibadilisha kwa kubonyeza bonyeza. Alafu kuna kile unachokiona kwenye skrini yako wewe peke yako, ambacho bado ni rasimu au hakijasevika popote. Kila ukitaka kusevu au kuimpoti jiulize hii inaenda wapi kati ya hizo tatu, na mgeni aliyeko Ujerumani akifungua saiti anaonyeshwa kutoka wapi. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Jua thimu yako ni ya aina gani

Ingia kwenye dashibodi, nenda "Appearance". Ukiona chini yake kuna "Customize", thimu yako ni ya zamani, yaani ya mtindo wa kawaida, kama Astra au Twenty Twenty-One. Ukiona "Editor", hiyo ni thimu ya bloku, yaani ya vipande unavyovipanga kimoja kimoja, kama Twenty Twenty-Two na zilizofuata. Mtindo huu wa bloku uliingia na WordPress 5.9 mwezi wa kwanza 2022, na hapo ndo video nyingi za mafunzo zilipoanza kuchanganya watu manake mwalimu anaonyesha kitufe ambacho kwako hakipo. Usitafute kitufe ambacho thimu yako haina. Hizi aina mbili zinasevu tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Piga bekapu kabla hujagusa

Tumia plagini (programu ndogo ya kuongeza kwenye WordPress) kama UpdraftPlus, chukua databesi na faili zote, alafu idaunlodi kwenye kompyuta yako, usiiache kwenye seva ile ile. Stima ya Lamu inajulikana, na intaneti ya kugawa kutoka kwenye simu pia inajulikana. Usianze kazi kubwa bila hii.

Hatua ya 3: Kusevu kwenye Customizer

Customizer ndo ile inayofunguka ukibonyeza "Customize". Hapa kushoto una paneli ya mipangilio na kulia unaona saiti ikibadilika palepale. Sasa hiyo inayobadilika kulia ni yako wewe tu. Unaweza kukaa saa nzima ukapanga rangi na fonti na picha ya machweo, ukaona imependeza, na mgeni hajaona hata kimoja, mpaka ubonyeze "Publish".

Kando ya "Publish" kuna alama ndogo ya gia, ibonyeze. Tangu toleo 4.9 la mwezi wa 11 mwaka 2017 utakuta chaguo tatu: kuchapisha sasa hivi, kusevu rasimu, na kupanga ichapishwe siku nyengine. Wengi wanakwama hapa. Ukichagua rasimu siku moja, kile kitufe kikubwa kinabadilika kinakuwa "Save Draft", na kesho yake ukirudi ukakibonyeza kwa mazoea unasevu rasimu tena, kompyuta inakubali kwa sababu kweli imesevu, ila imesevu rasimu. Kwa hiyo kabla hujabonyeza soma kitufe kimeandikwa nini. Rasimu lakini ina faida moja kubwa, inakupa linki ya kumtumia mwenye gesti kwa WhatsApp aone kabla haijatoka, hata kama hana paswedi. Itumie hiyo, inaokoa maneno mengi na mwenye mali.

Ile ya kupanga siku inafaa sana kwetu. Msimu wa kaskazi bei zinapanda, na mwezi wa tano na wa sita mvua na kusi zikishika bei zinashuka, kwa hiyo tangazo la juu ya ukurasa na picha zake unaweza kuzitayarisha mapema. Lakini kwanza nenda "Settings" kisha "General", weka "Timezone" iwe Nairobi. WordPress mpya huja na saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, ukipanga mabadiliko yatoke saa kumi na mbili asubuhi yatatoka saa tatu asubuhi na utadhani imekataa. Pia kumbuka kompyuta inasoma saa za kizungu, saa sita usiku ni 00:00 ya siku inayoanza, sio ya siku inayokwisha. Na jengine, WordPress huangalia kazi zilizopangwa pale mtu anapoitembelea saiti, kwa hiyo saiti ambayo haina wageni wengi inaweza kuchelewa mpaka mtu wa kwanza aifungue. Ifungue mwenyewe ikifika saa.

Hatua ya 4: Usibadilishe thimu ukidhani mipangilio itakufuata

Mipangilio mingi ya Customizer inasevika kwenye databesi kwa jina la thimu. Rangi, logo, picha ya juu, hata ile CSS ya nyongeza (maandishi ya kupangia sura), vyote vimefungwa kwenye thimu ile. Ukiwasha thimu nyengine inaanza na yake, na mtu anaona logo imeondoka anashtuka anaanza kupakia upya kila kitu. Hakuna kilichofutwa. Rudisha thimu ya kwanza na mipangilio yako itarudi nayo. Jina la saiti na kurasa zenyewe hazihusiki, hizo zinabaki popote uendapo.

Kinachouma zaidi ni thimu mtoto, yaani thimu ndogo inayoitegemea ile ya kwanza, ambayo ndo mzazi. Umeambiwa, na ni kweli, kwamba ukitaka kubadilisha faili za thimu utengeneze thimu mtoto ili sasisho lisikufute. Umeitengeneza, umeiwasha, na saiti imekuwa uchi. Sababu ni ile ile, mtoto ana jina lake kwa hiyo ana mipangilio yake, na bado ni mitupu. Dawa: weka plagini ya Customizer Export/Import, ukiwa kwenye thimu mzazi ekspoti upate faili ya .dat, washa mtoto, impoti. Inakubali kati ya mzazi na mtoto wake, lakini thimu mbili zisizo na uhusiano itakukatalia. Na uangalie, ile impoti haipiti kwenye rasimu, inaingia moja kwa moja kwenye saiti hai. Ifanye saa ambayo wageni wachache, na weka tiki ya kuchukua picha kama unatoka saiti moja kwenda nyengine, la sivyo picha zitaendelea kuitwa kutoka kule ulikotoka.

Kwa hiyo kama unajua utahitaji thimu mtoto, itengeneze siku ya kwanza kabla hujachagua hata rangi.

Hatua ya 5: Kusevu kwenye thimu ya bloku

Hapa ndo penye mambo, tuende pole pole.

Ukifungua "Editor" ukabadilisha kitu na kubonyeza "Save", mara nyingi inakutolea orodha pembeni na visanduku vya tiki: templeti fulani (umbo linalotumiwa na aina moja ya kurasa), kichwa cha saiti, mguu wa saiti, mitindo, menyu. Usiipite hiyo orodha. Inakwambia unasevu vitu vingapi na vipi. Ulikusudia kubadilisha namba ya WhatsApp kwenye ukurasa wa mawasiliano tu, kumbe namba uliyoigusa iko kwenye mguu wa saiti, na mguu ni mmoja kwa kurasa zote, ukisevu imebadilika kila mahali. Safari nyengine ndo unachokitaka. Lakini kama nahodha ana namba yake kwenye ukurasa wa safari za jahazi na gesti ina yake, umeshawachanganya, na mgeni atampigia mtu siye. Soma orodha, toa tiki kwa kile usichokijua, kisevu ulichokusudia, alafu rudi uangalie kile kilichobaki. Ukifunga dirisha na kile kilichobaki hakina tiki, basi kimepotea.

Usitegemee isevu yenyewe huku. Makala na kurasa za kawaida zina kusevu kwa otomatiki, lakini kwenye templeti na mitindo bonyeza mwenyewe, kila baada ya mabadiliko machache, hasa ukiwa unatumia bando la simu. Ikikuandikia imeshindwa kusasisha, usirifreshi. Wacha ukurasa wazi, subiri mtandao urudi, bonyeza tena. Ukiwa na wasiwasi nenda kwenye zile nukta tatu juu kulia, geuza ionyeshe msimbo, kopi yote, ibandike kwenye notipedi ya kompyuta, ndo urifreshi.

Sasa jambo ambalo linawatoa watu machozi. Ukisevu templeti kwenye Editor, WordPress haigusi faili ya thimu. Inatengeneza nakala kwenye databesi na kuanzia hapo mgeni anaonyeshwa nakala ile. Ni kama mkeka uliotandikwa juu ya mkeka, ukibadilisha wa chini hakuna anayeona tofauti. Kwa hiyo ukiingia cPanel, paneli ya kusimamia seva, ukahariri header.html, faili ya kichwa cha saiti, ukasevu, faili imebadilika kweli, na saiti haijabadilika kweli. Yote mawili ni sahihi. Vile vile thimu ikisasishwa na watengenezaji wakarekebisha kitu kwenye kichwa cha saiti, kwako hakitaonekana maadamu una nakala yako juu yake.

Kutaka faili ndo itumike, nenda kwenye orodha ya templeti, au kwenye "Patterns" ambapo vichwa na miguu ya saiti inawekwa, tafuta ile iliyobadilishwa, fungua nukta zake tatu uchague "Reset". Kwenye matoleo ya nyuma kidogo utaona "Clear customizations", ni kitu kimoja. Hii inafuta nakala yako ya databesi, kwa hiyo kopi msimbo wake kwanza. Na kama unataka kinyume chake, yaani ulichokifanya kwenye Editor kiandikwe kwenye faili za thimu, kuna plagini ya Create Block Theme, ina chaguo la kusevu mabadiliko ndani ya thimu. Kwa mtu anayetengeneza thimu moja na kuwawekea wateja wengi, hii plagini ni ya lazima.

Hatua ya 6: Kuhamisha thimu ya bloku kwenda saiti nyengine

Kwenye Editor, nukta tatu, sehemu ya "Tools", kuna "Export". Inakupa zip yenye thimu pamoja na mabadiliko yako ya templeti na mitindo. Watu wanatafuta "Import" hapo hapo hawaioni, na kweli haipo. Zip ile unaipeleka kwenye "Appearance", "Themes", ongeza mpya, "Upload Theme".

Ndani ya zip hamna kurasa, hamna makala, hamna picha zilizo kwenye maktaba ya midia, hamna menyu, hamna jina la saiti wala logo. Picha ulizoweka ndani ya templeti anwani zake zinaelekea saiti ya zamani, zitaonekana vizuri leo, na siku ile saiti ya majaribio ikizimwa zitakatika zote. Kwa hiyo zipakie upya saiti mpya na uzibadilishe moja moja.

Kama kule kuna thimu ya jina lile lile, WordPress tangu 5.5 ya mwaka 2020 inakulinganishia mbili na kukupa kitufe kinachoanza na "Replace". Bonyeza, imebadilisha faili. Na kama saiti ile ilikuwa na mabadiliko yaliyosevika kwenye Editor, bado utaona ya zamani, kwa sababu ya mkeka wa juu. Rudi hatua ya 5, fanya "Reset", hapo ndo thimu uliyoipakia itatokea. Mitindo pia ina kurudisha kwake, kwenye sehemu ya "Styles".

Zip ikikataliwa ikisema haina style.css, mara nyingi umepakia furushi zima ulilonunua, lenye maelezo na picha za mfano, na zip ya thimu yenyewe iko ndani yake. Ifungue utoe ile ya ndani. Ikikataa kwa ukubwa, ikataja upload_max_filesize, hiyo ni seva yako, waombe walioihosti waongeze au ubadilishe mwenyewe kwenye cPanel kama wamekuruhusu.

Hatua ya 7: Kuimpoti maudhui

Hii ya "Tools", "Import" inahusu kurasa na makala, sio sura ya saiti. Ukiekspoti unapata faili ya XML, na ndani yake hamna rangi, hamna thimu, hamna plagini. Mtu anaimpoti XML akitarajia saiti itoke vile vile kama ile ya kwanza, anaona maandishi tu yamejaa ovyo, analaumu thimu.

Kuimpoti kunaongeza, hakubadilishi. Hili lishike sana. Tuseme umeinakili saiti ya gesti pembeni, ukarekebisha bei kwenye ukurasa wa vyumba, ukaekspoti na kuja kuimpoti kwenye saiti hai. WordPress inaangalia kichwa cha ukurasa na tarehe yake, ikikuta upo tayari inauruka, inakuandikia upo tayari na inaendelea mpaka mwisho vizuri tu. Bei ya zamani inabaki. Kwa mabadiliko ya ukurasa mmoja au miwili usiimpoti, fungua ukurasa kule, kopi bloku zote, bandika huku, sasisha. Na ukirudia kuimpoti mara kadhaa ukitarajia safari hii itakubali, kurasa zitarukwa lakini menyu unaweza kuzikuta zimejaa vitu viwili viwili.

Kile kisanduku cha kuchukua viambatisho kitie tiki kama unataka picha. Picha hazimo ndani ya XML, humo mna anwani zake tu, na saiti mpya inakwenda kuzichukua kule ziliko. Ndo manake ukiwa umetengeneza saiti kwenye laptop yako haiji hata picha moja, seva haiwezi kuifikia laptop iliyoko Mkomani. Hapo tumia plagini ya kuhamisha saiti nzima.

Na zile demo za thimu za kununua, kubonyeza mara moja upate saiti kamili, ziimpoti kwenye saiti tupu pekee. Kwenye saiti yenye kazi zitakuongezea kurasa za watu usiowajua, na nyengine zinabadilisha ukurasa wa mbele, na kusafisha kunachukua muda kuliko kuanza upya.

Hatua ya 8: Hakikisha kwa macho ya mgeni

Wewe umeingia kwa paswedi, kwa hiyo plagini nyingi za kache (zinazohifadhi nakala za kurasa ili saiti ifunguke haraka) zinakuonyesha ukurasa mpya, na mwenye gesti ambaye hajaingia anaonyeshwa ule uliohifadhiwa. Mnabishana na kila mmoja anasema kweli. Safisha kache ya plagini, kama ni LiteSpeed Cache au WP Super Cache kitufe kiko juu kwenye dashibodi, kama saiti inapita Cloudflare, huduma inayokaa kati ya saiti na mgeni, safisha na huko, alafu fungua dirisha la faragha, na baada ya hapo ufungue kwa simu nyengine yenye bando lake. Ukikuta sawa huko ndo umwambie mteja.

Hatua ya 9: Ikiharibika, rudisha kwa kiasi

Usikimbilie kurudisha bekapu nzima. Databesi ndimo zinamosevika na bukingi, kama gesti inapokea kupitia saiti. Ukirudisha databesi ya Jumapili siku ya Jumatano, bukingi za siku hizo zimefutika na mgeni atashuka uwanja wa ndege wa Manda na hakuna chumba chake. Ekspoti orodha ya bukingi kwanza, au umuombe mwenye gesti aziandike zote kutoka kwenye imeili.

UpdraftPlus inakuruhusu kuchagua nini kirudi, na watu wanachagua thimu peke yake wakidhani wamekuwa waangalifu. Kwa thimu ya bloku hiyo inarudisha faili tu, na ulichokiharibu kiko kwenye databesi, hutaona mabadiliko. Jaribu historia kwanza: kuanzia WordPress 6.3 ya mwezi wa nane 2023, sehemu ya "Styles" ndani ya Editor ina alama ya saa, ukiibonyeza unaona mitindo yako ilivyokuwa kila uliposevu, unachagua ile ya kabla ya kuharibika, unairudisha na kusevu. Bukingi hazijaguswa, kurasa hazijaguswa, na mara nyingi hiyo inatosha.